Mkono wa Nyuma wa Pikipiki ya Kanisa

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Mvua bado. Joto limenitoa ndani ya zahanati nikakaa mlangoni nimevua viatu, na hapo ndipo mwinjilisti Ndolo alinikuta, ameshika karatasi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshushiwa amri kumi. Ni picha aliyoikata kwenye gazeti la pikipiki aliloachiwa na mzungu mmoja pale Emali. Pikipiki ya mashindano. Amezungushia kalamu nyekundu mahali pamoja tu: ule mkono wa chuma unaotoka katikati ya pikipiki kwenda kushika gurudumu la nyuma. Huo wa kwenye picha umeongezewa bomba jingine juu yake, limepinda kama daraja na kuchomelewa huku na huku.

"Sista Syombua, unaona? Wenzetu wanakaza hapa. Yetu haijakazwa, ndio maana inayumba kwa mchanga."

Nikamwambia yetu inayumba kwa sababu anaendesha akigeuza kichwa kumpungia mkono kila mwenye shamba na kila mwenye mbuzi. Akacheka, kile kicheko chake cha kumsamehe mwenye dhambi, akaenda kuibandika picha ukutani ofisini mwa kanisa.

Mimi ndiye hukaa nyuma ya hiyo pikipiki, kila Alhamisi, na sanduku la chanjo limefungwa mgongoni mwangu. Lolote linalofanywa na huo mkono wa nyuma, mimi hulijua kabla ya Ndolo, na silijui kwa kichwa. Lakini nani wa kumuuliza nesi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kliniki ya Kwa Kiema, ng'ambo ya mto. Mto ni mchanga mtupu, tumevuka tukisukuma. Hapa mimi huja mara moja kwa mwezi, na wanawake hunisubiri kwenye kibanda cha kusagia posho tangu alfajiri.

Nzilani alikuwa wa kwanza, na mtoto wake Mutie, miezi minane, mnene, mwenye hasira. Mwaka jana alizika binti kwa surua. Sasa kila nikija ananiletea huyu hata kama hana haja. "Mdunge leo, sista." Namweleza surua ni miezi tisa, kabla ya hapo haishiki vizuri. "Basi mwezi ujao. Utakuja?" Nitakuja. "Hata mvua ikinyesha?" Nitakuja, mwaitu, mama yangu, pikipiki si mlinunua ninyi wenyewe?

Na ni kweli waliinunua wao. Wanawake wa mwethya, hawa hawa wanaochimbiana matuta mashambani kwa zamu, walisuka vyondo na kuuza mbaazi mpaka ikatosha, wakaikabidhi kanisa ili kliniki ipate miguu. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyeulizwa neno juu yake.

Jumapili, 12 Oktoba

Kamati baada ya ibada. Mimi huitwa kusoma ripoti ya zahanati, kisha hunisahau nimekaa.

Agenda: mkono wa nyuma. Wazee wazima wamezunguka picha ya gazeti wakitikisa vichwa. Mwalimu mkuu Musembi akasimama akasema ni jambo la kisayansi, chuma kikiongezwa chuma huwa kigumu. Mtu huyu hulipwa na serikali. Mwenyekiti, mzee Kilonzo, yeye ni mwenye mikokoteni ya ng'ombe, na kwake kila kitu chenye magurudumu ni mkokoteni uliochelewa kukua. Akasema mkokoteni usiokazwa hulia, na mkokoteni unaolia ni aibu ya mwenyewe.

Nikainua mkono. Nikauliza kama kuna aliyeona ufa wowote, au mlegeo, au kama kuna aliyewahi kukaa nyuma yake zaidi yangu. Kilonzo akanitazama kwa upole. "Sista, hiyo tumekuachia wewe na dawa. Hii tuachie sisi."

Halafu likatoka la ukweli. Desemba tuna harambee ya bati za kanisa, na mgeni wa heshima atakuja kutoka Machakos. Ndolo ndiye atampokea barabarani na kumtangulia kwa pikipiki mpaka kanisani. Haiwezi kuwa pikipiki ya hivi hivi. Ikakubaliwa ikazwe, na ipakwe rangi. Wote wakasema amina kama wamejenga daraja.

Jumatano, 15 Oktoba

Joto. Nzi. Ndolo amekuja kuniuliza kati ya dhahabu na fedha ni ipi inapendeza zaidi. Nimemwambia nyeusi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nilikwenda Emali na Ndolo na mzee Kilonzo kwa sababu nilikuwa na pamba na spiriti za kuchukua. Laiti ningebaki nyumbani nikafua.

Fundi anaitwa Ng'ang'a, ana karakana kando ya barabara ya Mombasa, kazi yake kuchomelea vyuma vya malori. Hajawahi kugusa pikipiki, alisema mwenyewe, tena kwa kujivunia: "Mimi nimeshona lori ya tani saba, hii baiskeli itanishinda?" Alitaka kuufungua ule mkono autoe, aufanyie kazi mezani. Kilonzo akakataa. Akasema mkokoteni huchomelewa ukiwa na mzigo wake, ili chuma kijue uzito wake tangu siku ya kwanza. Kikichomelewa kitupu, siku ya mzigo kitashtuka.

Haki ya Mungu, alisema hivyo, kitashtuka. Nilimwangalia Ng'ang'a nikidhani atacheka. Akafikiri kidogo, akasema, "Hiyo ni maneno."

Basi mzee Kilonzo akapanda na koti lake la Jumapili, Ndolo akapanda nyuma yake, wote wawili wameketi kwenye pikipiki isiyokwenda popote, wameshika kofia, huku Ng'ang'a amepiga magoti chini yao akitoa cheche. Alichoma upande wa kushoto mpaka mwisho, akapumzika, akanywa chai, ndipo akaenda upande wa kulia. Watu wa sokoni walisimama kutazama. Nikasikia harufu ya mpira kuungua, nikasema. Zile bushi za mpira zilizo ndani, mahali mkono unapojifungia kwenye pikipiki, zilikuwa zinapikika. Kilonzo kutoka huko juu akanijibu kwamba moto ndio kazi.

Walishuka wamenyooka kama maharusi. Nimecheka mpaka Machakos wangenisikia, lakini moyoni, kwa sababu nilihitaji usafiri wa kurudi.

Jumanne, 21 Oktoba

Ni dhahabu. Ndolo ameipaka rangi mara mbili, na iliyobaki ameipaka mimbari.

Alhamisi, 23 Oktoba

Safari ya kwanza tangu ikazwe. Twende kwa kupendeza kwanza: kwa mbali inapendeza. Ninasema ukweli. Bomba lile la dhahabu likipigwa na jua unadhani pikipiki imevaa saa. Watoto walitukimbilia njia nzima.

Sasa kwa mwendo. Zamani gurudumu la nyuma lilikuwa linapanda na kushuka chini yangu, unasikia jiwe kisha limepita. Sasa jiwe linakuja lote mpaka kwenye meno. Na kuna jingine. Inavuta kushoto. Si sana. Ndolo akiendesha, bega lake la kulia limeinuka, amekaa upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikamwambia kwenye sikio, "Ndolo, hii kitu inaenda upande."

"Ni upepo, sista."

Majani ya mti hayakuwa yakitikisika.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua! Usiku kucha juu ya bati. Kila mtu yuko shambani. Kliniki wamekuja wanne.

Jumapili, 2 Novemba

Wakati wenzangu wanaimba, nilikwenda nyuma ya kanisa ilipoegeshwa. Nilikuwa na roli ya bandeji mfukoni. Nikaifunga kwenye gurudumu la nyuma, nikaivuta ikakaza mpaka mbele, upande huu, kisha upande wa pili. Upande mmoja bandeji inagusa gurudumu la mbele. Upande wa pili, vidole vyangu vinapita kati. Gurudumu la nyuma linatazama kwingine kabisa. Moto wa Ng'ang'a umeuvuta mkono ukapinda, upande mmoja kwanza, na wale mabwana wawili wameukalia ukapoa hivyo hivyo.

Nikakunja bandeji yangu. Nimwambie nani? Kilonzo ataniambia ya dawa ni yangu na hii ni yao. Musembi atanifundisha sayansi. Ndolo ataniombea. Nimeshasema Emali, nimeshasema njiani, sisemi tena. Wacha wajionee. Siku itakapomwangusha mbele ya huyo mgeni wa heshima, nitakuwa nimesimama mahali pazuri pa kuona.

Nimelala vizuri leo mchana kuliko juma lote.

Alhamisi, 6 Novemba

Sasa Ndolo ana maumivu ya bega. Nimempa dawa ya kuchua, sikumpa sababu. Cheni imeanza kulia. Yeye anasema inazoea.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika nikiwa nimenyoosha mguu juu ya kiti.

Ilikuwa zamu ya Kwa Kiema. Nilijaza sanduku la baridi mwenyewe asubuhi, chupa za surua katikati, mabarafu pande zote. Mvua ya jana ilikuwa imechora mifereji kwenye ule mteremko wa kwenda mtoni. Ndolo akaingia kwenye mfereji kwa gurudumu la mbele, na la nyuma likakataa kumfuata. Nilisikia chini yangu likipanda ukingo kivyake, pikipiki ikalala upande wa kushoto, nami nikawa hewani. Nakumbuka niliwaza sanduku, sanduku, sanduku.

Sanduku lilianguka kwa kona. Kifuniko kikaruka. Chupa nyingine zilivunjika kwenye mawe na nyingine zililala kwenye tope juani, na chanjo iliyolala juani ni maji tu. Goti langu limechubuka. Ndolo amechanika kiwiko.

Aliinuka kabla yangu. Akaenda kwenye pikipiki. Akapiga magoti, akafuta tope kwa kitambaa chake cha mfukoni pale kwenye bomba, akapumua: "Asante Bwana, rangi haijatoka."

Mimi nilikuwa bado nimekaa chini. Nimewahi kudharau watu maishani mwangu, lakini leo nimeona nilikuwa nikijaribu tu.

Tulirudi na lori la mchanga, pikipiki juu, sisi juu. Kule ng'ambo wanawake walikuwa wamekaa kwenye kibanda cha posho. Sijui walingoja mpaka saa ngapi.

Ijumaa, 14 Novemba

Goti ni afadhali, natembea. Hakuna mvua, mto bado mkavu. Chanjo nyingine zimo kwenye friji yetu ya mafuta ya taa.

Mzee Kilonzo alipita asubuhi, kofia mkononi. Akaniuliza kama singeweza kwenda Kwa Kiema kwa miguu, na mtu wa kunibebea sanduku, kwa sababu wanawake wamepoteza siku ya palizi kuningoja. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni nesi, si punda. Pikipiki iko. Imekazwa. Niletee hiyo."

Akavaa kofia, akaenda. Jibu hilo nimelifurahia mchana kutwa.

Jumapili, 16 Novemba

Kamati tena. Nilikwenda nimejiandaa, bandeji mfukoni, nikingoja waniulize. Hawakuniuliza. Musembi alishaandika ripoti ya ajali. Chanzo: "abiria wa nyuma kuwa na uzito uliozidi, na kutoinama upande mmoja na dereva kwenye kona." Ndolo alitazama viatu vyake. Hakukana.

Nikasimama nikawaambia wao ni kundi la mbuzi waliovalishwa tai. Nikatoka. Bandeji sikuitoa. Hawastahili kuambiwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua imepiga huko juu Mbooni. Mto umejaa. Unasikika hadi hapa.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Mto.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua. Ndolo amehubiri juu ya Nuhu. Sikuhudhuria, nilimsikia kutoka dirishani.

Alhamisi, 27 Novemba

Mto umepungua. Mwanamume amevuka akaja na habari: Kwa Kiema kuna watoto wenye macho mekundu na vipele. Surua.

Nilichukua sanduku, nikajifunga kanga, nikashika njia. Sikumngoja mtu. Ndolo akanikimbilia akaninyang'anya sanduku, akalitia kichwani, tukaenda. Maji ya mto yalitufika magotini. Kabla ya jua la mchana tulikuwa tumefika.

Nilidunga walio wazima mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha nikapelekwa kwa Nzilani. Mutie amelala kwenye kanga, vipele vimeshageuka rangi, anapumua kwa mbavu. Mapafu yameingiliwa. Nilimpa sindano niliyokuwa nayo, nikasema lazima afike hospitali. Wanaume wakafunga kitanda kwa miti. Nzilani hakuniuliza kwa nini sikuja. Aliniuliza tu kama amfunike au amwache wazi.

Jumatatu, 1 Desemba

Mutie amefariki jana hospitalini, kabla ya mchana.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumemzika.

Kamati nzima ilikuja. Ndolo alikuja na pikipiki, imebeba maturubai ya kukalia wageni. Aliiegesha penye njia kwa sababu hapakuwa na pengine, na jua likatoka, na lile bomba likaanza kung'aa mbele ya watu wote, hakuna pa kutazama usilione. Mzee Kilonzo alivua koti akalitupia juu yake. Nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia mzee huyu kwa mwaka mzima, na alipofanya hivyo yakaniishia.

Baada ya udongo, kabla watu hawajatawanyika, Nzilani alikwenda mpaka kwenye pikipiki. Akaliondoa koti, akalikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. Akainama akakigusa kile chuma.

"Hii mliongeza. Ni ya nini?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei. Akamgeukia Ndolo. "Mwinjilisti?"

"Ni ya kukaza, mwaitu," alisema Ndolo. "Isiyumbe. Na... ipendeze."

"Sasa haiyumbi?"

Ndolo alianza kulia. Mtu mzima, na Biblia kwapani, alilia kwa sauti. Akasema, "Imepinda. Nilijua imepinda tangu siku ya kwanza. Niliona haya kusema."

Nilitaka kumchukia. Nimekuwa nikimchukia vizuri tangu Oktoba, ningeweza kuendelea. Lakini Nzilani alikuwa ameshanigeukia mimi.

"Na wewe sista, wewe unakaa huko nyuma. Hukusikia?"

"Nilisikia," nilisema.

"Ukawaambia?"

Nilimwambia niliwaambia mwanzoni, kisha nikanyamaza. Akangoja. Nadhani alitaka kujua kwa nini, na mimi nilikuwa nalo jibu, na jibu lenyewe ni kwamba nilitaka waanguke. Sikuweza kulitoa mdomoni mbele ya kaburi. Akaona sijibu, akaenda kuwapa watu chai.

Jumamosi, 6 Desemba

Ndolo amekuja na msumeno wa chuma. Akaniomba nimshikie pikipiki isicheze. Tulikata asubuhi yote, zamu kwa zamu, yeye mkono umejaa malengelenge na mimi pia. Bomba lilipotoka alilirusha kwenye majani. Nikatoa bandeji, tukapima pamoja. Bado imepinda vile vile. Alidhani ikitoka itajirudi.

Mkono wenyewe umekufa, lazima utafutwe mwingine, na kamati imesema baada ya harambee. Ndolo atamtangulia mgeni wa heshima kwa miguu kutoka barabarani, kama watu wengine.

Alhamisi, 11 Desemba

Kliniki ya Kwa Kiema. Tumekwenda kwa miguu, mimi na Ndolo, tukipokezana sanduku.

Sikutarajia kumwona Nzilani. Alikuja amebeba mtoto wa shemeji yake, ambaye mama yake anaogopa sindano. Akakaa mbele yangu, akamshika paja kama alivyokuwa akimshika wake, likatulia. Nikadunga. Mtoto akalia. Nikaandika kwenye kadi.

Akatazama huku na huku. "Pikipiki iko wapi?"

"Tumekuja kwa miguu."

"Kutoka huko kwenu? Mmelala njiani?"

"Hapana. Tumeondoka asubuhi."

"Asubuhi hii?"

"Asubuhi hii."

Alikuwa akimpapasa mtoto mgongo ili anyamaze. Halafu akasema polepole, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mutie, "Kumbe ni mwendo wa asubuhi moja tu."